Fungu Lisilo na Masale

Kwetu milimani mtu akisimama ghafla katikati ya kazi, ama ameumwa na siafu ama amekumbuka chungu alichokiacha motoni. Mke wangu alikuwa akisimama kwa sababu ya bahari. Tunapalilia karoti kwenye matuta yaliyokatwa ubavuni mwa mlima, ukungu umelala bondeni, mara ananyoosha mgongo na kutazama mashariki, ambako kwa macho hakuna kitu ila mlima mwingine. "Sasa yamekupwa," anasema. Kisha anainama na kuendelea na palizi.

Mwanzoni nilicheka. Kutoka kwetu hadi pwani ni safari ya kutwa: gari la mboga hadi Mombo, basi hadi Tanga, halafu gari jingine dogo la kwenda vijijini. Nilimuuliza kama maji anayasikia kwa masikio au anayanusa. Akajibu kwamba hana uganga wowote, anauangalia mwezi tu, na kwao kila mtoto wa kike anajua hivyo kama watoto wa kwetu wanavyoijua njia ya kwenda kisimani. Majirani walimzoea. Ndugu zangu walimtania kwamba ameolewa na mlima lakini akili ameiacha ikielea.

Nilimpata kwenye gulio la Magoma, chini ya milima. Wakati ule sisi vijana tulishuka kwa miguu na matenga ya mapeasi na kabichi, na watu wa pwani walipanda na samaki wakavu. Yeye alikuwa na shangazi yake, nyuma ya rundo la ng'onda. Sina hadithi ndefu ya kusimulia hapo. Posa ilipelekwa, ikakubaliwa, akapanda mlimani akiwa amevaa sweta la kaka yangu kwa sababu nililomnunulia mimi lilikuwa dogo. Mwaka wa kwanza alilala na soksi. Alijifunza Kishambaa upesi kuliko nilivyotegemea, akajifunza kulima kwenye mteremko bila kuteleza, akanizalia watoto, na katika muda wote huo aliniomba kitu kimoja tu.

Kitu chenyewe kilikuwa fungu. Mbele ya kijiji chao, ndani ya bahari, kuna fungu la mchanga ambalo siku nyingi halionekani. Maji hupwa na kujaa kila siku, lakini fungu halitoki. Hutoka siku chache tu katika mwezi, wakati wa bamvua, yaani zile siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana kuliko kawaida. Siku hizo wanawake huvuka kwa miguu, wakafika kwenye fungu, wakaokota kome na kuchokoa chaza mpaka maji yageuke. Yeye alikuwa akienda na mama yake. Alisema ukifika katikati unasimama juu ya mchanga mkavu na bahari iko pande zote, na ardhi ile haina mwenyewe.

Hilo la mwisho lilinishangaza zaidi ya mengine. Kwetu ardhi ni kidogo na watu ni wengi. Kila kipande kina masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani, na wewe ng'oa sale la mtu uone. Mimi na kaka yangu tulikaa miaka bila kusemezana kwa sababu ya masale aliyodai kwamba nimeyasogeza. Nilikuwa nimeyasogeza. Kaka yangu akafa kabla sijamwambia. Kwa hiyo mke wangu aliponieleza habari ya ardhi inayotoka baharini, ikakaa kidogo, ikarudi, bila mtu kuweka alama, niliona ni maneno ya watoto. Aliponiomba twende siku moja nikaione, nilisema tutakwenda.

Tutakwenda tukishavuna viazi. Tutakwenda mvua zikipungua. Tutakwenda mtoto akimaliza darasa la saba. Pwani kwenyewe tulikuwa tukienda, kwa misiba na harusi, lakini siku ya kwenda na ya kurudi niliipanga mimi, nayo ilifuata mavuno, haikufuata mwezi. Tukifika tunakuta maji yamefunika kila kitu, au yamekupwa kidogo tu, naye haulizi.

Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, jambo ambalo wakati wetu halikuwa dogo, na elimu ile niliitumia zaidi nyumbani kwangu kuliko mahali pengine popote. Jioni moja niliamua kumweleza mke wangu kwa nini maji hupwa na kujaa. Nikachukua kabichi, nikasema hii ndiyo dunia. Nikachukua kiazi, nikasema huu ndio mwezi. Kila kitu chenye uzito huvuta kitu kingine, nikamwambia, na kadiri kilivyo karibu ndivyo kinavyovuta zaidi. Dunia inauvuta mwezi usiende zake, na mwezi nao unaivuta dunia. Mawe hayatiririki, lakini maji yanatiririka, kwa hiyo maji ya bahari hukusanyika upande unaoelekea mwezi, yakavimba. Dunia inajizungusha chini ya uvimbe huo. Pwani yenu ikipita hapo maji yamejaa. Ikishapita, maji yamekupwa. Na kwa kuwa mwezi nao unasogea, kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana.

Alisikiliza vizuri, mkono shavuni. La kuchelewa alilikubali kwa kichwa, maana alilijua. Kisha akauliza, "Mbona hujaa mara mbili?"

Sikumwelewa. Akaigeuza kabichi polepole mbele yangu. Maji hujaa mchana, akasema, na usiku hujaa tena, na mwezi ni mmoja. Ukiwa upande huu, upande wa pili nani anavuta?

Nilikuwa sijui. Nikamwambia hayo ni mambo ya vidato vya juu, hata nikieleza hataelewa. Akachukua kile kiazi, akakimenya, akakitia chunguni na vingine.

Miaka michache iliyopita miguu yake ilianza kuvimba. Hospitali wakasema moyo umetanuka na umechoka, wakampa vidonge, wakasema asipande vilima. Kwetu sisi kwenda msalani ni kupanda kilima. Haukupita muda mrefu akaacha shamba, na mimi na yeye tulijua bila kuambizana kwamba akishuka pwani tena itakuwa mara moja tu, kwa sababu kushuka angeweza lakini kupanda kungemmaliza. Hapo ndipo alipoomba kwa mara ya mwisho. Hakuomba kwa huzuni. Alisema, kama mtu anayekumbusha chumvi, kwamba mwezi unakaribia kuwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo bamvua itakuwa kubwa, na maji yatakupwa asubuhi, saa nne au saa tano, mtu anaona vizuri anapokanyaga. Angevuka mwenyewe. Penye kina kirefu kidogo ningemshika mkono.

Nilikubali. Nilikubali kwa moyo wote, ingawa kulisema hilo sasa hakusaidii kitu.

Siku ya kuondoka ilipofika, kabichi zangu zilikuwa zimekomaa na mnunuzi aliyeahidi kuleta lori hakuwa ametokea. Kabichi iliyokomaa ikipigwa na mvua hupasuka, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya kilima. Nikasema tungoje kesho. Kesho yake mnunuzi akapiga simu kwamba lori limeharibikia Soni. Nikasema tungoje. Siku zikaenda, na kila siku mwezi ulichelewa zaidi kutoka nyuma ya mlima, umeliwa upande mmoja. Mke wangu alikuwa ameshafunga mzigo wake: kanga, dawa, na kisu kifupi cha kuchokolea chaza alichokuja nacho alipoolewa, ambacho kwetu kilikuwa kikimenya viazi.

"Baba watoto," akaniambia, "tukichelewa hivi tutakuta maji mafu."

Maji mafu ni kinyume cha bamvua: siku hizo maji hayajai sana wala hayapwi sana. Alinieleza hivyo, nami nikamjibu kwa elimu yangu. Nikamwambia kinachopungua ni mwanga tu. Mwezi wenyewe haupungui. Ule upande wa giza bado upo, ni jiwe lile lile na uzito ule ule, na kinachovuta ni uzito, mwanga hauvuti. Kwa hiyo uwe mpevu au uwe nusu, nguvu ni ile ile, na fungu tutalikuta.

Katika maneno hayo hakuna moja lililokuwa la uongo kuhusu mwezi, na ndiyo maana hakubisha. Alifikiri, akasema, "Haya. Wewe umesoma." Hakusema kwa kejeli. Niliona usoni mwake kwamba ameniamini, kwamba yote aliyoyaona kwa macho yake tangu utoto ameyaweka kando kwa ajili ya kiazi changu. Nilifurahi. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumshinda kwa hoja vizuri namna ile.

Lori likaja, kabichi zikapakiwa. Tukashuka nalo hadi Mombo, yeye mbele na dereva, mimi juu ya mzigo, na jioni ya siku hiyo tukawa kwao.

Alitupokea mdogo wake, mjane mwenye maneno mengi ambaye hadi leo anaishi katika nyumba ya wazazi wao. Asubuhi tulipotoka nje, mwezi ulikuwa bado uko juu, nyuma yetu, upande wa bara, mweupe kama kipande cha muhogo. Ulikuwa nusu kamili. Mbele yetu maji yalikuwa yamejaa, si sana. Mke wangu aliuliza yatakupwa saa ngapi, na mdogo wake badala ya kumjibu alinigeukia mimi.

"Shemeji, leo ndiyo mmekuja kutafuta fungu? Mwezi hamkuuona? Au huko kwenu mnaufuga kwa ajili ya kabichi tu?"

Nikamweleza habari ya uzito na mwanga. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Akasema ingekuwa vizuri niyaeleze maji yenyewe, huenda yanaelewa Kishambaa. Mke wangu naye alicheka kidogo, kwa adabu, lakini hakunitazama.

Tukangoja. Alasiri maji yakapwa. Yalirudi nyuma kidogo, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni bila kutoka nje, yakasimama. Mahali pa fungu palikuwa na rangi ya kijani iliyofifia kuliko kwingine, na juu yake maji yalikuwa yakitetemeka. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda alicholetewa, kanga mabegani, kisu mapajani. Akanyoosha kidole.

"Pale," akaniambia. "Pale chini."

Ndivyo nilivyoonyeshwa fungu.

Mdogo wake, ambaye sasa alikuwa ameacha mzaha, alisema si neno. Bamvua huja mara mbili, kwa mwezi mpevu na kwa mwezi mwandamo. Wiki ijayo mwezi utaandama. Tukae kwake, tule bada la muhogo na samaki, wiki si kitu. Mke wangu akanigeukia na kunitazama, na sikuwahi kumwona akinitazama hivyo tangu Magoma.

Shamba langu la bondeni hunyweshwa kwa mfereji, na mfereji una zamu. Kila familia ina siku yake. Ukiikosa unangoja mzunguko mzima, na jirani hakupi yake. Nilikuwa nimehamishia miche mipya kabla ya safari, na zamu yangu ilikuwa inaangukia siku zile zile za mwezi mwandamo. Mtoto wa kaka yangu angenifungulia maji kama ningempigia simu. Shamba lake limepakana na langu. Lakini kumwomba yeye ilikuwa kama kumwomba baba yake, na habari ya masale ilikuwa bado iko kooni. Ningeweza pia kumwacha mke wangu kwa mdogo wake, nikarudi kumchukua baadaye. Hilo lilipita kichwani mwangu, na nilichojiuliza ni nani atanipikia.

Nikasema nasikitika, lakini maji hayangoji.

"Yapi?" akauliza mdogo wake.

Mke wangu ndiye aliyekata maneno. Alisema twende, miche itakauka. Alisimama kwa kushika bega langu, akamkabidhi mdogo wake kile kisu, akamwambia kimeshakuwa butu kwa viazi, akinoe.

Safari ya kurudi sitaieleza yote. Kuanzia mahali gari lilipotuacha, alipumzika kila kona, na kipande cha mwisho vijana wa jirani walimbeba kwenye kiti. Aliwashukuru mmoja mmoja na kuwaombea dua.

Siku ya zamu yangu nilikuwa mferejini tangu alfajiri. Saa nne, saa tano hivi, nilipanda nyumbani kuchukua jembe jingine, nikamkuta amekaa mlangoni kwenye jua, miguu yake iliyovimba juu ya gunia.

"Limetoka," akasema.

Nikatazama juu. Anga ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna kitu kingine. Nikamwambia leo hata mwezi wenyewe haupo.

"Upo," akasema. "Uko palepale na jua. Hauonekani tu."

Akawa anasogeza nyayo zake juu ya gunia, taratibu, huku na huku, kama mtu anayekanyaga mchanga. Nilisimama pale na jembe mkononi. Nikarudi bondeni, kwa sababu maji yalikuwa yakipita.

Alifariki kabla ya masika. Mdogo wake alikuja, akakaa siku zote za msiba, akasaidia jikoni, wala hakunisema hata kidogo. Angenisema ningepata cha kujibu.

Baadaye nilipangisha chumba cha uani kwa mwalimu wa sayansi wa sekondari, binti kutoka kanda ya ziwa, Mkristo, mwenye heshima zake. Kila asubuhi hunipa shikamoo kabla hajafunga mlango. Siku moja alikuwa akisahihisha kazi za wanafunzi barazani, nikaona mchoro wa dunia iliyozungukwa na maji, na maji yamevimba pande mbili. Nikamuuliza swali la mke wangu kana kwamba ni langu: mwezi ni mmoja, mbona uvimbe ni mara mbili?

Akaweka kalamu chini. Alisema watu hudhani mwezi unavuta maji peke yake, kumbe unaivuta dunia nzima. Maji yaliyo karibu na mwezi yanavutwa zaidi kuliko dunia, na dunia inavutwa zaidi kuliko maji yaliyo upande wa mbali. Kwa hiyo ya karibu yanatangulia na ya mbali yanabaki. Upande ule hakuna anayeyavuta kwenda nje. Yameachwa nyuma tu, na kwa kuachwa nyuma nayo yanavimba.

Jibu lenyewe lilikuwa hilo tu. Mke wangu angelielewa kabla kiazi hakijaiva.

"Na jua, mzee," akaongeza. "Watu hulisahau jua."

Nilimuuliza jua linahusikaje. Akanieleza kwamba jua nalo linavuta. Ni kubwa kupita kiasi, lakini liko mbali, kwa hiyo nguvu yake juu ya bahari ni karibu nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa hauonekani, jua, dunia na mwezi vinakaa katika mstari mmoja, na nguvu zile mbili zinasaidiana. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta kutoka ubavuni, linaipunguza kazi ya mwezi, na maji yanabaki katikati, hayajai sana wala hayapwi sana. Uzito wa mwezi ni ule ule siku zote, akasema. Kinachobadilika ni mahali ulipo mwezi ukilinganisha na jua. Kisha akauliza kama sisi shuleni hatukufundishwa.

Ningependa kuandika kwamba siku ya somo hilo sikuwepo darasani. Nilikuwepo. Namkumbuka mwalimu wetu ameinua chungwa kwa mkono mmoja na ndimu kwa mwingine, halafu akatuelekeza kwa kidevu tutazame dirishani, kwenye jua lenyewe. Nikatazama. Nyuma ya dirisha ulikuwepo mpeasi wa mlinzi wa shule, na mapeasi yalikuwa yameiva, na sikusikia kitu kingine mpaka kengele ilipolia.

Miche niliyoiwahi ilishika vizuri. Kabichi zilipokomaa kila mtu alikuwa nazo, hakuna aliyezitaka, nyingi nililisha ng'ombe. Mtoto wa kaka yangu hupita mbele ya nyumba kila asubuhi na kuniamkia, nami huitikia marahaba, na masale yako palepale nilipoyasogeza. Magoti yangu sasa hayataki mteremko. Nikishuka siku moja, sidhani kama nitapanda.

Mdogo wake mke wangu hunipigia simu mara mojamoja. Juzi alinijulia hali, akaniambia kile kisu amekinoa na bado anacho, na kwamba bamvua ya safari hii ni kubwa, fungu linatoka vizuri, niende walau nilione.

Nikamwambia nitakwenda.

Nilisikia kuku wake, na nyuma ya kuku upepo. Kisha akaniuliza kama kabichi hazijambo. Nikamjibu kwamba hazijambo.